Msimu Tuliogawa Watoto

Kamachumu, Jumapili 4 Juni 1989

Leo tumeanua matanga ya mdogo wetu Nathanieli, na kabla majivu ya moto hayajapoa wanaume wa ukoo walikuwa wameshagawa watoto wake.

Kaka yangu Kristofa ndiye mkubwa wetu sote, kwa hiyo ndiye aliyesimama. Alitafuna punje zake za kahawa taratibu, kama afanyavyo akitaka watu wamngoje, halafu akatoa hukumu. Ishengoma, mwenye miaka kumi na mitatu, ataenda Marangu kwa mdogo wetu Petronila, aliyeolewa na Mchaga na hajajaliwa mtoto. Immakulata, mwenye kumi na mmoja, ataenda Mwanza kwa binamu yetu Sesilia, aliyejifungua mapacha na anahitaji mikono. Alipofika kwa Kokuberwa akakohoa. Kokuberwa ana miaka mitano. Mama yake alikufa mwaka jana kwa ugonjwa huu huu uliommaliza baba yake, na watu wote mle ndani walikuwa wakimkagua mtoto shingo na mikono kama wanunuzi wa mbuzi mnadani.

"Kokuberwa ataenda kwa masista," akasema Kristofa. Hakuna mwanamume aliyebisha.

Mimi nilibisha. Nikasema, "Watoto wa tumbo moja mnawatawanya kama karanga?" Mzee mmoja akanijibu kwamba mimi Paskazia nilirudi kutoka kwa mume zamani, nakaa kwenye kibanja cha migomba cha ukoo kwa hisani, mwanamke wa cherehani, nikae chini. Nikakaa. Lakini nilikaa kwa kishindo mpaka jamvi likalia.

9 Juni

Kahawa imeiva yote kwa pamoja, kama kawaida yake kututesa. Tumechuma mimi na watoto. Immakulata anachuma haraka kuliko mtu mzima. Kokuberwa anachuma moja, anaihesabu, anaitupa kikapuni, anapiga makofi.

14 Juni

Vumbi. Nimeshona sare mbili.

18 Juni, Jumapili

Kristofa alikuja baada ya misa. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno makali, nimeyapanga tangu asubuhi wakati padri akihubiri, Mungu anisamehe. Lakini alinikata kauli. Akasema atawapeleka watoto mwenyewe kwa Landrova lake shule zikifungwa. "Mtoto hapelekwi kama gunia la kahawa," akasema. "Anapelekwa na wakubwa wake, kwa heshima, anakabidhiwa mkononi."

"Basi nami nakwenda," nikasema. "Na huyu mdogo anakwenda. Kwa masista mtampeleka tukirudi."

Akanitazama. Nilidhani atakataa. Akasema, "Ee waitu, haya, kaa naye siti ya nyuma. Asinitapikie garini."

Ishengoma alikuwa akisikiliza mlangoni. Akauliza kama huko Marangu watauona ule mlima. Marehemu Nathanieli alikuwa mwalimu wa jiografia, na mlima huo aliuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni yake, na theluji akaipaka kwa chokaa. Kristofa akasema si kuuona tu, tutaupanda, maana mume wa Petronila ni mwongoza wageni kwenye hifadhi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepanda milima yote ya dunia. Mlima pekee aliowahi kuupanda ni huu mteremko wetu wa kushukia ziwani, tena akihema.

29 Juni

Kristofa ameleta mikungu miwili mikubwa ya ndizi na kuifunga juu ya gari kwa majani makavu. Nikamwuliza, huko tuendako hakuna chakula? Akasema kuna ugali, na ugali si chakula, ni kitu cha kuzuia njaa wakati mtu akitafuta chakula.

Biharamulo, 1 Julai

Tumeondoka alfajiri. Watu wa Kagoma walitupungia wakidhani ni harusi. Watoto waliimba mpaka Muleba, wakapigana mpaka msituni, wakalala mpaka hapa.

Barabara hii niliwahi kuipita wakati wa vita. Tulikuwa tunakaa Bukoba mjini mabomu yalipoanza, na Kristofa alitutenganisha sote: mimi lori hili, Nathanieli lori lile, Petronila akapelekwa melini na mama. Alisema bomu likipata gari moja lisitupate wote. Nilikaa hapa Biharamulo wiki nyingi, nalala kwenye sakafu ya shule, sijui nani yu hai. Wote tulipona. Kristofa mpaka leo anahesabu kwamba alikuwa na akili sana.

Mwanza, 2 Julai, Jumapili

Kivukoni Busisi abiria walicheka mikungu yetu. Msukuma mmoja akauliza kama tunahama na shamba lote. Kristofa akafurahi sana, akamgawia kahawa ya kutafuna. Jamaa akatafuna, akakunja uso, akatema ziwani. Kristofa hakusema naye tena.

Mwanza, 4 Julai

Nina hasira, naikandamiza kalamu, mtu asije akalaumu mwandiko.

Tumemwacha Immakulata. Sesilia si mtu mbaya. Alitupikia samaki, alimwonyesha mtoto kitanda, na mumewe Mayunga akaahidi shule. Mapacha wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Ukimtazama Sesilia usoni unaona mwanamke ambaye hajalala tangu Pasaka. Siwezi kumchukia, na hilo linaniudhi zaidi.

Immakulata hakulia. Alisimama getini na pacha mmoja mgongoni tayari. Tayari! Hatujawasha hata gari! Kristofa akamwambia awe na adabu, asome. Akajibu, "Ndiyo, Baba mkubwa." Akamsalimia kila mmoja wetu kwa mkono, hata ndugu zake, kama watu waliokutana kwenye msiba. Kokuberwa akamwuliza, "Unabaki mpaka lini?" Immakulata akanitazama mimi nimjibie. Mimi mwenye mdomo huu, ambao Kamachumu nzima inaujua, nikamshika Kokuberwa nikampakia garini.

Gari likaondoka. Kokuberwa alimwita dada yake mpaka tukapita soko, mpaka tukapita reli. Ishengoma alitazama dirishani mchana kutwa. Mimi nilimtazama Kristofa kisogoni nikasema moyoni, wewe moyo wako umetengenezwa na chuma cha hilo Landrova lako.

Nzega, 5 Julai

Tumelala gesti. Ndizi zimeanza kuiva juani. Kristofa anazigeuza kila tukisimama, kama mama na watoto wachanga.

Singida, 6 Julai

Nilikuwa nimeapa sitamsemesha Kristofa mpaka Marangu. Sikufika.

Gurudumu lilipasuka nje ya mji, mahali penye miamba mikubwa iliyopandiana. Ishengoma akasaidia kubadili, kisha akapanda mwambani na mdogo wake kucheza. Tukabaki wawili kivulini mwa gari. Nikaanza. Nilimwambia kwamba marehemu atamlilia kaburini. Nilimwambia kwamba ng'ombe hashindwi na nunduye, kwamba mtu wa ukoo wenye kibanja kama chetu kushindwa na watoto watatu ni aibu ya kuimbiwa ngomani. Alinisikiliza huku akifuta spana moja ile ile.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado, napumzika."

"Basi nisemee hapo unapopumzikia. Rwegasira jirani yetu alichukua watoto wanne wa kaka yake. Baada ya mwaka akafa. Wakaenda kwa mdogo wake. Mdogo wake akafa. Sasa wako na bibi asiyeona. Kila wakizoea mlango mmoja, unafungwa. Mimi kwenye kibanja changu machipukizi siyapandi pamoja. Naweka moja huku, moja kule. Wadudu wakiingia upande mmoja, upande mwingine unabaki."

"Watoto si migomba, Kristofa."

"Najua si migomba!" Alipiga kelele mpaka Kokuberwa akageuka kule juu mwambani. Akashusha sauti. "Paskazia, mama watoto wangu anakonda."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mkewe nilimwona kwenye matanga, amejifunga kanga mbili, nikadhani ni baridi.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Na kama yeye ana hiyo kitu, basi na mimi..." Hakumaliza. Akatia spana mfukoni, akaitoa, akaitia tena. "Sasa niambie wewe mwenye maneno mengi. Niwachukue watatu nyumbani kwangu, wazike tena?"

Nilimshika mkono, mkono mweusi kwa grisi, nikaushika vile vile. Nimemtukana mtu huyu moyoni safari nzima, kumbe anaendesha gari na jiwe kifuani. Nimelia sana leo, nimeandika kwa tabu.

Katesh, 7 Julai

Sabasaba. Kokuberwa ameona mlima wa hapa, Hanang, akashuka garini akisema tumefika. Tumecheka wote, hata Ishengoma kidogo. Mtoto anakohoa kwa vumbi kama tunavyokohoa sote. Kila akikohoa mimi na Kristofa tunatazamana, kisha tunajifanya hatukutazamana.

Marangu, 9 Julai, Jumapili

Petronila! Amenenepa, anacheka kama mama yetu. Ametuandalia ndizi za nyama, za Kichaga, zenye mchuzi. Kristofa akala sahani mbili, kisha akatangaza kwamba si mbaya, ila Wachaga wanazionea ndizi kwa kuzichanganya na vitu. Mume wa Petronila, Anaeli, mtu mrefu mpole, akasema, "Shemeji, karibu ya tatu," akamwekea. Akala na hiyo.

Petronila amempangia Ishengoma chumba. Kitanda kipya, shuka mpya, meza ya kusomea iliyonukia randa. Alisimama mlangoni akingoja mtoto aseme neno. Ishengoma akasema, "Ahsante, Shangazi." Petronila akafurahi kama amepewa shamba. Niliingia chooni nikakaa huko muda.

10 Julai

Petronila ni nesi. Nimemweleza habari za mke wa Kristofa. Amesema wote wawili wanatakiwa kupimwa, kukonda peke yake si hukumu. Nikamwambia amweleze Kristofa yeye mwenyewe, mimi ananiogopa.

Mandara, 12 Julai

Tuko ndani ya hifadhi, kwenye vibanda vya mbao, na vidole vimekufa ganzi. Anaeli alitutafutia vibali vya kulala hapa, wala hatuendi juu zaidi kwa ajili ya mtoto mdogo. Petronila amebaki kazini.

Msitu huu una maji kila mahali, unadondoka hata bila mvua. Sisi tuliotoka kwenye vumbi tulikuwa tunanyoosha midomo kama vifaranga. Miti imeota ndevu. Kuna mbega weusi wenye mikia mieupe, wanaruka juu ya kichwa na mikia ikipepea kama mashela. Kokuberwa alitembea kipande kirefu mwenyewe, akiuliza kila mti jina lake. Anaeli alimjibu yote, na asiyoyajua akayatunga. Alipochoka nikambeba mgongoni. Ni mwepesi. Nilisema ni mwepesi kwa sababu ni mtoto.

Kristofa alikuwa amekataa katakata kula mkate wa wazungu mlimani, kwa hiyo alibeba begi la ndizi mbichi zilizobaki, mwenyewe, mabegani, mzee wa miaka hamsini na sita. Anaeli akamwambia, shemeji, huko juu hazitaiva upesi. Kristofa akacheka. "Ndizi haiivi? Unamwambia Mhaya habari za ndizi?" Njiani akajikwaa kwenye mzizi, akaanguka na begi lake, akachubuka kiganja, damu ikatoka. Ishengoma akamkimbilia, akamfuta. Ilinipendeza nilivyomwona anavyomfuta polepole.

Sasa sufuria iko motoni tangu tufike. Maji yanachemka, yanaruka, mvuke umejaa, ndizi ziko vile vile. Kristofa anazichoma kwa kijiti, anatikisa kichwa, anaongeza kuni. Amelaumu kuni, amelaumu sufuria, amelaumu ndizi zenyewe kwamba zimepoteza moyo safarini. Anaeli anaeleza kwamba mlimani maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Kristofa akamwambia maji yanayochemka ni maji yanayochemka. Mwishowe tumekula ngumu katikati. Kokuberwa akasema, "Baba mkubwa, inalia kama karoti." Tumecheka mpaka mzungu wa kibanda cha pili akaja kuchungulia.

Nilitaka Immakulata awepo. Sote tulitaka. Kicheko kilipoisha kila mtu alimtafuta.

Mandara, 13 Julai

Nitaandika yote, hata kama wino utaisha.

Asubuhi tulitembea hadi Maundi, kilima chenye shimo katikati kama bakuli, hatua fupi tu kutoka vibandani. Mawingu yalikuwa chini yetu. Upande mmoja ukaonekana ule mlima mkubwa wenyewe, mweupe kichwani. Ishengoma aliutazama sana. Akasema, "Baba alichora theluji nyingi mno." Nikamwambia labda enzi za baba yako ilikuwa nyingi.

Kristofa akakaa kwenye jiwe akapumua. Ishengoma akamjia na punje ya kahawa mkononi, akamwambia, "Baba mkubwa, kahawa." Kristofa hutafuna kahawa kutwa, hatazami apewacho. Akapokea, akatia mdomoni, akatafuna.

Mtoto akasimama mbele yake wima, mikono mbavuni, kama anakariri shairi mbele ya mkaguzi. "Sasa tumekula omukago. Mimi na wewe hatuwezi kunyimana kitu."

Omukago! Hicho kitu nilikisikia kwa babu. Watu wawili wasio ndugu walikuwa wanajichanja, wanapaka damu kwenye punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja anameza yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo ni ndugu, na anachokiomba mmoja mwenzake hawezi kukataa mpaka afe. Siku hizi nani anafanya? Siku hizi kwetu watu wanaogopa hata wembe wa kinyozi. Na Ishengoma akaonyesha kidole chake, kina tundu la pini.

Shavu la Kristofa likatulia. Anaeli akaangalia viatu vyake. Mimi nilijua atatema. Ile ni damu ya nyumba ya Nathanieli, na barazani kwetu nimeona wanaume wakisogeza vikombe visiguswe na watoto hawa. Nilikuwa nimeshafumba macho nisimwone akitema.

Hakutema. Alimeza. Nikasikia anauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Na yangu? Damu yangu umeitoa wapi?"

"Jana ulipoanguka. Nilipokufuta kiganja nilipaka damu kwenye punje ya pili ya tunda hilo. Nikaila."

Kristofa aliruka kutoka kwenye lile jiwe. Akamkamata mtoto mabega, akamwinamisha, akampiga mgongoni. "Tapika! Tapika, Ishengoma, tapika!" Mtoto akashangaa, akaanza kulia, Kokuberwa naye akalia. Anaeli alidhani mtu amepatwa na wazimu wa mlima. Ni mimi tu niliyejua. Hakuogopa damu ya mtoto. Aliogopa damu yake mwenyewe iliyo ndani ya mtoto.

Nikamtoa kwa nguvu. Nilimwambia imeshapita tangu jana, Kristofa, na kidogo kile kilichokauka kwenye punje hakina kitu, ungekuwa ugonjwa huo unapita hivyo tungekuwa tumekwisha wote Kamachumu. Nilisema kama najua. Sikuwa najua. Alikaa chini kwenye majani yenye umande, akajifunika uso, akalia, mzee mzima, mabega yanatikisika. Sijamwona analia hata kwenye makaburi matatu ya wadogo zetu.

Ishengoma alipiga magoti mbele yake. "Nimekosa, Baba mkubwa?"

Kristofa akafuta uso kwa kiganja kile chenye mchubuko. "Umekosa sana. Nani kakufundisha? Omukago unafanywa na mtu baki. Mtu wa kabila jingine, mtu wa njiani. Mimi na wewe damu ni moja tangu kabla hujazaliwa. Mtoto hafanyi omukago na baba yake, mjinga wewe. Mtoto anaomba tu."

Upepo ukapita kwenye majani.

"Basi naomba," akasema Ishengoma. "Baba." Aliacha lile neno jingine, na sote tulisikia kwamba ameliacha.

"Omba."

"Usitugawe."

Kristofa akanitazama mimi. Hakuwa anataka nimtetee. Alikuwa anataka mtu amwambie afanyeje. Na hapo nikaona kitu cha ajabu: tangu mwezi Juni nimepiga kelele kwamba watoto wasigawanywe, lakini sijasema hata mara moja waende wapi. Nilikuwa nangoja aseme mwanamume.

"Nitakaa nao mimi," nikasema. "Nitahamia nyumba ya Nathanieli. Wote watatu. Cherehani inatosha uji, kibanja kinatosha ndizi. Wewe utasema mbele ya ukoo kwamba ndivyo ulivyoamua, kwa sababu wakisikia ni mimi watakataa kwa ajili ya kukataa."

"Na ukifa, Paskazia?"

"Nikifa nimekufa. Wakihama tena, watahama watatu."

Nilijua anapima, anapima machipukizi yake, anapima malori ya vita. Kokuberwa akaja akakaa kwenye paja lake bila kuombwa, akachukua kiganja chake akakipuliza mahali pa kidonda. Kristofa hakukiondoa.

"Ee waitu," akasema mwishowe. "Watahama watatu."

Marangu, 14 Julai

Hili ndilo gumu. Petronila aliposikia alikwenda jikoni, akafunga mlango. Nikagonga, hakufungua. Nilisimama nje nikisikia anavyokata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Hana mtoto, na tumemletea mtoto tukampokonya. Kama angenitukana ningeona amenionea huruma.

Alitoka macho mekundu, akamkagua Ishengoma kidole, akamwuliza maswali ya kinesi. Akamwambia Kristofa hawezi kuona namna ambayo tone kavu lililomezwa lingemdhuru mtoto, alale usingizi. Kisha akamwambia, mbele yangu, "Wewe na wifi mtapimwa. Mje hapa nitawashika mkono mwenyewe." Kristofa akasema ndiyo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Halafu akasema, "Likizo ya Desemba ni yangu. Watatu. Na mtalipia nauli ninyi mlionidanganya." Anaeli akasema kitanda kitangoja. Nimemkumbatia mdogo wangu mpaka akalalamika mbavu.

Njiani, 17 Julai

Hakuna ndizi juu ya gari. Kristofa amekula ugali Singida, na mlenda, akaomba tena. Nimeandika ili asije akakana.

Mwanza, 19 Julai

Tumefika mchana. Immakulata alikuwa uani kwa Sesilia, amechuchumaa kwenye karai la vyombo, pacha mgongoni. Alituona, akainuka, akaja akapiga magoti akasalimia kila mmoja. Mikono yake imechubuka vidoleni. Sesilia akatoka akidhani tunapita tu.

"Mbona mmerudi na Ishengoma?" akauliza Immakulata.

"Panda gari, mwanangu," akasema Kristofa. "Tunakwenda nyumbani. Wote."

Nilitegemea atapiga kelele, atarukaruka. Alimtazama Ishengoma, akamtazama Kokuberwa, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Hakuamini hata mmoja wetu, na hana kosa. Akamfungua pacha mgongoni, akampa Sesilia kwa mikono miwili, akasema, "Nimalize vyombo kwanza." Akarudi kwenye karai, akatugeuzia mgongo.

Mdomo wangu ukataka kumwambia aache, gari linangoja. Kristofa akanizuia kwa mkono. Kristofa, ambaye tangu nimjue hajawahi kuingia jikoni, ambaye nyumbani huita mtu ampe maji na mtungi uko pembeni yake. Alivua koti, akaliweka juu ya boneti. Akakunja mikono ya shati. Akachuchumaa kwenye tope la uani, mkabala na mtoto, magoti yakilia, akachukua sufuria kubwa lenye masizi.

"Hili nasugua na nini?"

Immakulata hakuinua macho. "Na majivu."

"Yako wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Kristofa akachota, akasugua, akajimwagia maji kifuani, akasuuza, akampa. Immakulata akaligeuza, akalitazama ndani.

"Halijatakata, Baba mkubwa."

"Lete," akasema Kristofa. "Nirudie."